Nani Anajua Kuchagua?

Drafti ya NBA huanza saa mbili usiku kule Brooklyn, na huku Nairobi inakuwa saa tisa usiku, saa ambayo hata mbwa wa Umoja wamechoka kubweka. Nimeikesha miaka kadhaa sasa, simu ikiwa kwenye chaja na bando likiisha haraka kuliko mshahara. Asubuhi lazima mtu aniulize: ati ulikesha kutazama watu wakiitwa majina? Ndiyo bana, wakiitwa majina.

Kwa asiyejua, hii si ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa na wazee nje ya kinyozi. Ni shughuli ambamo timu 30 za mpira wa kikapu zinagawana vijana wanaotoka vyuo vya Marekani na ligi za nchi nyingine. Majina ni kama 60, kwa raundi mbili. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita hupewa nafasi za mbele, na zile za juu kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu. Kijana mwenyewe hachagui lolote. Anakaa pale na suti yake mpya, mamake kando, anangoja.

Halafu kunakucha na kila mtu ni mtaalamu. Baada ya miaka mitano ndio mbaya zaidi, maana hapo kila mtu alijua.

Chukua Nikola Jokić. Mwaka 2014 Denver walimchukua kwenye nafasi ya 41. Jina lake lilipokuwa likitangazwa, televisheni ya Marekani ilikuwa inaonyesha tangazo la Taco Bell, yaani watu walikuwa wanatazama chakula. Leo huyo jamaa wa Serbia ni mchezaji bora wa ligi mara tatu na ana ubingwa wa 2023. Katika grupu yetu ya WhatsApp jina lake likitajwa, kuna msee mmoja ambaye bila kukosa ataandika: Denver wana jicho.

Mimi huuliza, jicho gani? Usiku ule ule Denver waliondoka na Jusuf Nurkić wa nafasi ya 16 na Gary Harris wa nafasi ya 19, waliowapata kwa kubadilishana na Chicago. Wachezaji wazuri wote wawili, sikatai. Lakini kama kuna mtu katika ile ofisi aliyejua Jokić atakuwa nani, angemwacha pale mezani hadi majina 40 yasomwe? Unaona shilingi elfu moja chini, unaenda kwanza kununua mandazi, ndio urudi kuiokota?

Na kuna mengine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jina la Rudy Gobert lilisomwa kwa niaba ya Denver kwenye nafasi ya 27. Kabla usiku haujaisha walikuwa wamempeleka Utah, wakapewa Erick Green wa nafasi ya 46 na pesa juu. Gobert amekuwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Mwaka 2017 Denver walikuwa na nafasi ya 13. Wakaiachia Utah hiyo hiyo, na kijana aliyekuja nayo akawa Donovan Mitchell. Miaka yote hiyo mkuu wa ofisi alikuwa Tim Connelly. Ofisi iliyompata Jokić ndiyo iliyowapa Utah nyota wawili. Sasa hiyo ni ofisi inayojua kuchagua au haijui?

Swali hili lingebaki la grupu, la kupigia kelele na kusahau, kama lisingenifikia mimi kwa barua pepe.

Ninashika daftari la timu ya watoto huku Eastlands. Mimi si kocha. Sijawahi hata kucheza zaidi ya shule ya upili. Kazi yangu ni kuandika: nani amekuja, nani amefunga, nani ana viatu na nani anaazima. Uwanja wetu ni wa saruji iliyopasuka, upande mmoja kikapu hakina wavu. Kila Januari watoto karibu 40 hujitokeza kwa majaribio, na jezi ziko 12, kwa sababu mfadhili alinunua 12. Kati ya hao 12, wawili au watatu kila mwaka hulipiwa karo ya sekondari. Kwa mama anayeuza mboga pale stegi, hiyo si habari ya michezo.

Mfadhili huyo, ambaye sitamtaja, aliniandikia kwamba kabla hajalipa muhula ujao anataka ripoti ya kurasa mbili. Swali moja tu: huyu kocha wenu anajua kuchagua? Sababu yake ninaijua. Kuna kijana mmoja Kocha alimwacha nje akiwa na miaka 13. Siku hizi anachezea timu ya chuo kikuu, na kuna video yake akidanki inazunguka. Mfadhili ameiona. Amenitumia mara mbili, mara ya pili bila maneno.

Kwa hivyo nilikaa nikajiuliza jinsi mtu anavyoweza kuhukumu jicho la mtu mwingine. Na mahali pekee ninapojua historia ya uchaguzi jina kwa jina ni Toronto.

Toronto nilianza kuwafuatilia kwa sababu ya Masai Ujiri. Babake Mnigeria, mamake Mkenya, na sisi tukisikia mtu ana mzazi mmoja Mkenya tunamkatia kitambulisho hapo hapo, muulize Obama. Alitoka Denver akaenda kuongoza ofisi ya Raptors mwaka 2013. Sifa zake zinajulikana. Pascal Siakam, kijana wa Cameroon aliyekuwa akisomea upadri kabla ya kujua kikapu vizuri, nafasi ya 27 mwaka 2016. OG Anunoby, aliyekuwa ameumia goti chuoni, nafasi ya 23 mwaka 2017. Norman Powell, nafasi ya 46. Fred VanVleet, ambaye jina lake halikusomwa kabisa usiku ule, akasajiliwa baadaye. Mwaka 2019 Toronto walitwaa ubingwa bila hata mchezaji mmoja aliyechaguliwa katika zile nafasi 14 za mwanzo. Kwenye mchezo wa mwisho Siakam alifunga pointi 26 na VanVleet 22. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Ukiishia hapo, Ujiri ni mganga. Lakini mimi nashika daftari, na daftari haliishii hapo.

Mwaka 2014 Toronto walimchagua Mbrazili Bruno Caboclo kwenye nafasi ya 20. Ukumbi ulishangaa. Mchambuzi mmoja wa televisheni alisema kijana huyo amebakiza miaka miwili kabla ya kufikia kubakiza miaka miwili, na mzaha huo ulimfuata Caboclo kila alipokwenda. Alikaa Toronto karibu misimu minne, akacheza michezo ya kuhesabika, wakampeleka Sacramento kwa kubadilishana. Waliokuwa bado hawajachukuliwa wakati huo ni pamoja na Clint Capela, na ndiyo, yule yule Jokić. Mwaka 2016 kabla ya Siakam walikuwa na nafasi ya 9, wakamchukua Jakob Poeltl. Maana yake nao walimpita Siakam mara moja, kama Denver walivyompita Jokić mara mbili. VanVleet walimpita zote mbili. Mwaka 2020, kwenye nafasi ya 29 walimchukua Malachi Flynn. Nafasi ya 30, jina lililofuata kabisa, alikuwa Desmond Bane. Flynn leo mtu anamkumbuka kwa shida. Bane analipwa pesa ambazo sijui hata sufuri zake zinahesabiwaje.

Ukianza kujumlisha hivi unagundua shida ya kwanza: majina ni machache. Ofisi inayochagua mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya miaka kumi ina majina 15 hivi. Rusha shilingi moja mara 12. Upande wa twiga ukitokea mara 8, hakuna mtu atakayesema una mkono wa twiga. Lakini bosi wa NBA akipata majina manane mazuri kati ya 12 tunamwandikia makala, na akipata manne tunamfukuza.

Shida ya pili ni nafasi yenyewe. Nafasi ya 2 ukikosea ni aibu, kama Sacramento walivyomchukua Marvin Bagley mwaka 2018 huku Luka Dončić amekaa pale pale. Nafasi ya 27 ukikosea hakuna anayejua, maana wengi wa huko hupotea wenyewe. Kwa hivyo haki ni kuuliza nafasi hiyo huzaa nini kwa kawaida, na kina nani walikuwa bado wamekaa. Kwa kipimo hicho Caboclo hakuwa dhambi kubwa. Nafasi ya 20, wangeweza kumkosa mtu wa kawaida, wakajaribu kumpata mtu wa ajabu. Nawapa alama kwa hilo, hata kama grupu nzima itanicheka.

Shida ya tatu ndiyo imenikalisha zaidi. Siakam alipofika Toronto hakuwa yule wa 2019. Katika msimu wake wa kwanza walimshusha kwenye timu yao ya ligi ndogo, Raptors 905, pale Mississauga, na akawa mchezaji bora wa fainali timu hiyo ilipochukua ubingwa wa 2017. VanVleet naye alipita hapo hapo. Miaka miwili baadaye Siakam akatajwa mchezaji aliyepiga hatua zaidi katika NBA nzima. Sasa niambie, jicho ni la nani? La aliyemwona, au la kocha aliyebaki naye ukumbini taa zikizimwa, akimfundisha kurusha kutoka pembeni? Na angechaguliwa na timu ambayo kila mwaka inabadilisha kocha, jina la Siakam mimi ningelijua?

Kwa Caboclo swali hilo linauma zaidi, kwa sababu lina jibu la nusu. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, miaka kumi baada ya ukumbi kushangaa, aliwafunga Marekani pointi 30 kwenye robo fainali. Brazil walishindwa, lakini pointi 30 dhidi ya LeBron na wenzake si za mtu asiyejua mpira. Kipaji kilikuwepo. Muda ndio haukutosha, au mahali, au goti, au lugha. Hesabu ya Toronto inasema walikosea. Mimi nadhani walimwona sawasawa, wakashindwa kumlea.

Ofisi za NBA huandika sana kabla ya drafti. Wasaka vipaji wao hujaza makaratasi juu ya kila kijana: magoti, familia, anavyolala, anavyomjibu kocha akikemewa. Kama ningepewa nafasi ya kuhukumu Denver au Toronto, nisingeanza na majina yaliyofaulu. Ningeomba makaratasi hayo, yaliyoandikwa kabla ya mtu kujua lolote. Ningetaka kuona kama sababu zao zilikuwa za maana siku ile, na kama walichokisema juu ya kijana ndicho kilichokuja kumwinua au kumwangusha. Sitapewa, hilo liko wazi.

Lakini ya Kocha ninayo. Miaka sita yote, daftari tatu za A4 zenye madoa ya chai. Kocha hunisomea, mimi naandika. Kila mtoto sentensi moja au mbili.

Nilifungua ukurasa wa yule kijana wa video. Kuna mstari wangu wa kalamu ya buluu: mkono mzuri, anaona wenzake, mwili bado mdogo, aambiwe arudi mwakani. Aliambiwa. Januari iliyofuata familia ilikuwa imehamia Thika. Huko akarefuka, akapata mwalimu mzuri. Kocha alikuwa ameona mkono na macho, vitu ambavyo ndivyo vimemfikisha chuoni. Kilichomkosesha jezi ni urefu ambao haukuwa umekuja, na Kocha alijua kwamba haujaja. Hata Giannis Antetokounmpo aliendelea kurefuka baada ya Milwaukee kumchagua akiwa na miaka 18. Mtoto wa miaka 13 ni nani anamjua?

Hapo ningeweza kufunga daftari na kuandika kwamba Kocha ni hodari. Nikaendelea kufungua. Kocha wetu ana ugonjwa wa warefu. Mwaka baada ya mwaka, kwenye wale 12, kuna watoto watatu au wanne ambao sentensi yao inaanza na "mrefu" na haina kitu kingine cha maana. Wengi wao walikuwa wamebalehe mapema tu. Wenzao waliwafikia kidato cha pili, na kikapu kikaisha hapo. Hilo nimeliandika kwenye ripoti kwa maneno hayo hayo, na nilimwonyesha Kocha kabla ya kutuma.

Kocha ni fundi wa magari siku za wiki. Alisoma akiwa amesimama, mikono ina grisi, akishika karatasi kwa vidole viwili.

"Umeandika ukweli," akasema. "Sasa watanitoa?"

"Sijui, Kocha."

"Mimi siwezi kumwona mtoto wa miaka 13 nikajua. Anayesema anajua anakudanganya, dada yangu. Mimi naangalia nani amekuja Jumamosi ya mvua."

Nikarudi kwenye daftari kuhakikisha, maana hiyo ni hesabu ninayoweza kufanya. Mahudhurio ninayo yote. Na ni kweli: wale aliowapendekeza walipiwe karo si wafungaji wakubwa, ni wanaokuja. Karibu wote wamemaliza kidato cha nne au bado wako shuleni. Mmoja tu ndiye anayecheza ligi kuu. Mfadhili akihesabu wachezaji, Kocha amepata mmoja na kukosa wengine wote. Akihesabu watoto waliomaliza shule, sidhani atapata mwenye jicho kama hilo Eastlands nzima. Nimemwandikia pia kwamba hakuwahi kutuambia anahesabu kipi.

Ujiri naye alihesabiwa. Juni 2025, siku moja baada ya drafti, Toronto waliachana naye. Timu ilikuwa imekosa mchujo misimu mitatu mfululizo. Mwaka 2021 alikuwa amemchagua Scottie Barnes kwenye nafasi ya 4 wakati wengi walitarajia Jalen Suggs, na Barnes akawa mchezaji mpya bora wa mwaka. Haikutosha. Sioni kama alionewa. Miaka 12 ni mingi na mambo yalikuwa yameharibika. Ila sidhani jicho lake la 2025 lilikuwa tofauti na la 2016.

Ripoti ilipofika kurasa mbili niligundua kuna kitu bado hakijaingia. Nilikuwa nimepima Kocha kwa wale 12 wa kila mwaka, pamoja na yule mmoja wa video. Na wale wengine? Kule NBA, ukimpita kijana, kuna timu 29 nyingine. Gobert alienda Utah, akacheza mbele ya Denver miaka yote ili waone walichouza. Kosa lako linaishi, lina jezi, linakufunga. Huku kwetu mtoto tukimwacha hakuna timu nyingine inayomngojea. Anachukua begi, anapita kwenye kile kitundu cha ua, anaenda. Kama tulimwacha Jokić wa Kayole, hakuna siku tutakayojua. Yule wa Thika tumemjua kwa bahati, kwa sababu ana simu yenye kamera.

Fomu za majaribio zina namba za wazazi. Nilianza kupiga, jioni baada ya kazi, nikianzia mwaka wa kwanza. Namba nyingi hazipatikani. Moja ilipokelewa na mtu wa Kitale ambaye hajawahi kufika Nairobi. Baba mmoja alidhani ninauza bima. Mmoja wa wale watoto yuko chuo cha ufundi, mwingine anaendesha boda, mwingine yuko ushago na nyanyake. Wengine wazazi wenyewe hawakukumbuka kwamba walileta mtoto.

Juzi nilimpata mama mmoja wa Dandora. Nilijitambulisha, nikataja timu, nikataja mwaka. Akanyamaza kidogo.

"Ile ya kikapu? Alilia wiki nzima huyo."

"Pole, mama. Nilitaka tu kujua siku hizi yuko wapi."

"Yuko Gikomba, anabeba marobota ya mitumba. Amekuwa mrefu, ukimwona hapa kwangu anainama mlangoni." Nikasikia akimwambia mtu apunguze redio. "Kwani sasa mnamtaka?"

Nikamwambia ni ripoti tu ninayoandika. Akanipa namba ya kijana hata hivyo, polepole, tarakimu moja moja, akarudia mara mbili. Akasema nimpigie baada ya saa kumi na mbili, mchana huwa hasikii simu.